Safari ya Kaburini na Kurudi

Tulikuwa tunapanga kwenda kaburini na kurudi kabla jua halijazama. Ndivyo Bwana Lihundi alivyolieleza jambo lile, na hakuna aliyecheka, maana katika nyumba ile tulikuwa tumekwisha kupoteza uwezo wa kuyasikia maneno yetu wenyewe. Mimi ndiye niliyeyatia maneno hayo katika Kichina ili Bi Wen, mwongozaji aliyetumwa na wakala wa utalii, ayaelewe. Na ni pale yalipotoka kinywani mwangu katika lugha ya ugenini ndipo yaliponigutusha. Kwenda kaburini na kurudi. Nani huyo? Wazikaji, nikajijibu. Wazikaji huenda wakarudi, wakanawa mikono, wakaendelea kuishi. Lakini yule tuliyempangia safari hakuwa mzikaji. Au alikuwa. Nilikuwa bado sijaamua, na kutoamua huko ndiko kulikonifanya nishushe macho kila Bi Wen aliponitazama.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji mkongwe uliozungukwa na ukuta, katika nchi ya Wachina, mbali sana na nchi yetu. Nchi yetu sitaitaja. Nikiitaja, mtasema ni huko, si kwetu. Itoshe kusema kwamba Mkuu alikuwa ametutawala tangu kabla sijazaliwa, na kwamba kwetu mtoto hufundishwa kuichora sura yake kabla hajafundishwa kuchora nyumba. Wananchi waliambiwa Mkuu yuko ughaibuni kwa mazungumzo marefu ya maendeleo. Kwa hakika alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa wa kusahau, lakini hakusahau kama wazee wengine wanavyosahau, kidogo huku na kidogo kule. Yeye alihama. Aliamka katika mwaka wowote ule wa maisha yake na kuishi humo mpaka usingizi umchukue.

Kwa hiyo kila asubuhi Bwana Lihundi, mnikulu wake, yaani msimamizi wa nyumba yake kwa miaka mingi, aliingia chumbani peke yake, akatoka na kututangazia mwaka. "Leo ni mwaka wa ukame mkubwa," angesema. Au, "Leo bado hatujapata bendera." Nasi tuliuvaa mwaka huo kama watu wanavyovaa sare. Picha za ukutani zilibadilishwa. Kalenda zilibadilishwa. Kama waziri fulani alikuwa bado hajafa katika mwaka huo, tulimtaja kama aliye hai na kumpelekea salamu. Hapo niliielewa nchi yetu kuliko nilivyowahi kuielewa nikiwa ndani yake. Nilifikiri: watu husema mtawala ana mamlaka juu ya ardhi, juu ya askari, juu ya mikate. Hayo ni madogo. Mamlaka ni kuamka asubuhi ukasema leo ni lini, na wengine wote wakakimbilia huko. Na kama yeye mwenye kusema amepotea, je, sisi tunaomfuata tuko wapi? Tunaishi katika siku gani? Nani anatushika mkono?

Mimi mwenyewe nilikuwa watu wengi. Siku nyingine aliniita kwa jina la binti yake aliyekufa utotoni. Siku nyingine nilikuwa mpiga chapa wa ofisi yake ya kwanza, siku nyingine muuguzi aliyemtibu mguu akiwa kijana. Niliitika majina yote. Mwanzoni niliitika kwa sababu niliagizwa, halafu kwa sababu nilizoea, na mwishoni, hili ndilo linalonichoma, niliitika kwa sababu ilikuwa raha kuwa mtu mwingine yeyote.

Maana jina langu ni Hidaya, binti Sefu Chambuso.

Katika nyumba ile ya Mkuu walinijua kama Hidaya Mlenge. Mlenge ni mjomba wangu, aliyenilea na kunipa jina lake ili nisome kwa amani. Baba yangu Sefu alikuwa mpima ardhi. Nilipokuwa mdogo, Serikali ilitaka kupanua shamba kubwa la Mkuu, na baba akaagizwa azisogeze alama za mpaka ili kijiji kizima kijikute ndani ya shamba bila kuhama. Alikataa. Alasiri moja wakaja watu wawili wenye adabu, wakamwambia anahitajika kutoa maelezo kidogo. Alivaa viatu akatoka nao. Hatukupewa mwili, hatukupewa habari, hatukuonyeshwa mahali. Mama yangu hakuolewa tena, wala hakukaa eda. Alisema hawezi kukaa eda ya mtu ambaye hajui amelala upande gani wa dunia.

Niliposomea Kichina na kuajiriwa kuwa mkalimani wa Mkuu, mama alinisindikiza mpaka mlangoni. "Muulize alipo," aliniambia. "Sitaki kingine. Sitaki aombe radhi, sitaki afungwe. Nataka mahali."

Miezi ikapita nisimwulize. Mwanzoni Bwana Lihundi alikuwa haondoki ubavuni mwake. Baadaye, nilipopata nafasi ya kuwa naye peke yangu, nilikuta ugumu mwingine. Huwezi kumwuliza mtu anayeishi katika mwaka wa bendera habari za mtu atakayechukuliwa miaka mingi baadaye. Jambo lenyewe bado halijatendeka. Macho yake yalikuwa safi, macho ya mtu asiye na deni na yeyote, na mbele ya macho yale mimi ndiye niliyejiona mkosaji. Basi nikaamua kuusubiri mwaka wenyewe. Nilijiambia: ipo asubuhi Lihundi atatoka na kuutaja, na siku hiyo nitauliza. Hivyo ndivyo nilivyoigeuza hofu yangu ikawa subira.

Safari ya kaburini ilizaliwa na uvumi. Kwetu watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Mkuu amekufa. Ilihitajika picha: Mkuu amesimama wima, mahali patakapotambulika kuwa ni ughaibuni, penye heshima ya zamani. Bwana Lihundi alipendekeza ukuta wa mji. Lakini Mkuu mwenyewe, siku moja akitazama televisheni, aliona mlima na njia ndefu iliyopangwa sanamu za mawe, akauliza ni nini. Nikamweleza kwamba mlima ule ni kaburi. Ndani yake amelala kaizari wa kale na mkewe, ambaye naye alitawala, na mpaka leo halijafunguliwa.

"Nipeleke," akasema. "Nataka kumwona mwenzangu."

Tuliketi mezani kupanga, mimi, Bwana Lihundi na Bi Wen. Pazi, mpiga picha wetu, alisimama dirishani akifuta lenzi. Bi Wen alitaka kutuonyesha mahali palivyo, na kwa kukosa ramani akachukua vyombo vya chai. Bakuli la sukari likawa mlima. Vijiti vya meno vikawa sanamu, safu mbili kutoka bakulini mpaka ukingo wa meza.

"Ngazi zinaanza huku chini," akasema, nami nikatafsiri. "Ni nyingi mno kwa mzee. Lakini juu, karibu na mlima, kuna njia ya magari ya wahudumu. Nimeomba ruhusa, tutapita huko."

"Pale juu kuna nini cha kupigia picha?" Lihundi akauliza.

"Kuna wajumbe wa nchi za nje. Sanamu zaidi ya sitini, wamesimama safu kwa safu wakimkabili kaizari. Hawana vichwa."

Nilitafsiri. Lihundi akakunja uso. "Wasio na vichwa? Haifai."

Hapo ndipo nilipoongea pasipo kuulizwa. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka dakika ile kwa namna nyingine, kana kwamba mtu fulani alinilazimisha. Hakuna aliyenilazimisha. Niliuona ugumu wa kazi, na akili yangu ikaukimbilia kama mbwa anavyokimbilia mfupa. "Inafaa sana, Bwana Lihundi," nikasema. "Wao hawana nyuso, kwa hiyo uso utakaoonekana ni mmoja tu. Watamfikia Mkuu kifuani. Asimame katikati yao, mlima uwe nyuma yake. Ataonekana mrefu kuliko mataifa yote."

Lihundi alinigeukia. "Na kusimama atasimamaje, binti? Jana ameshindwa kusimama kunawa uso."

"Nitamshika mimi. Nina mwili mdogo. Nitachutama nyuma yake, koti lake litanificha. Kiti cha magurudumu tutakificha nyuma ya sanamu."

"Una kichwa, Bi Hidaya," akasema polepole. "Wallahi una kichwa."

Nilifurahi. Damu ilinipanda usoni kwa furaha ya kusifiwa, na kwa muda kidogo ubaridi ule wa aibu uliokuwa haunitoki ukanitoka. Hebu fikirini. Binti Sefu Chambuso anamjengea mtu yule urefu, kwa vijiti vya meno, na anasifiwa, na anafurahi.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu aliingia akisukumwa kitini, nasi sote tukainuka.

"Shikamoo, Mkuu," nikasema.

"Marahaba, mama. Mnapanga nini?"

"Safari yako, Mkuu. Huu ndio mlima." Nilimwonyesha bakuli.

Alilitazama kwa makini ya kiongozi anayeonyeshwa mradi. Kisha akachukua kijiko, akachota sukari kutoka kwenye kaburi la kaizari, akaitia katika kikombe cha Lihundi na kukoroga. "Nani wanakuja?" akauliza.

"Sisi hapa, Mkuu."

"Wachache. Waiteni na wengine." Akaanza kuongea, macho yake yakiwa juu ya vijiti, na maneno yalimtoka vipande vipande. Mwiteni Sembuche. Alikuwa anapenda kutembea. Mwiteni yule wa reli, mwenye kucheka. Yule mwalimu. Yule mwalimu alikuwa na mtoto mgonjwa, mwambieni aje naye, hewa ya mlimani nzuri. Mbona hawaji? Nawaita hawaji. Zamani nikiita, walikuja. Walikuja wamevaa viatu. Nani amewaambia wasije?

Majina yote aliyoyataja yalikuwa ya watu ambao jamaa zao, kama mama yangu, hawana mahali. Bi Wen alinigeukia akingoja tafsiri. "Anauliza kama kutakuwa na baridi," nikamwambia.

Asubuhi ya safari, Bwana Lihundi aliingia chumbani kama kawaida. Alichelewa kutoka. Alipotoka alikuwa akirekebisha tai yake, na alisema bila kunitazama, kwa sauti ile ile ya siku zote: "Leo ni mwaka wa kupanua shamba."

Nilikuwa nimeshika koti la Mkuu. Nililikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Mwaka wangu ulikuwa umefika.

Tulikwenda kwa gari dogo lenye mapazia. Nje kulikuwa na mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, maduka ya matofali, wanawake waliouza makomamanga kando ya barabara. Mkuu alikuwa mwepesi siku ile, mkali, sauti yake ilikuwa imerudi. Alimkaripia Lihundi kwa sababu ya gari kuwa dogo. Aliniuliza kama barua za Wizara ya Ardhi zimefika, nikasema zimefika. Nilikaa nyuma yake nikitazama kisogo chake, nywele nyeupe zilizokatwa vizuri, na nikafikiri: jibu liko humo ndani, nyuma ya ngozi hiyo, umbali wa kiganja kutoka usoni kwangu. Hakuna mahali pengine duniani lilipo. Watu wawili wale wenye adabu wamekufa. Majalada yamechomwa. Mlima wa baba yangu ni kichwa hiki, na kinabomoka kila usiku kidogo kidogo. Nitauliza tukifika, nikajiambia. Lihundi atakuwa na Pazi, wakishughulika na mwanga. Nitainama sikioni kwake kana kwamba namrekebishia kola, nami nitauliza.

Njia ya wahudumu ilitupandisha mpaka karibu na mlima. Kutoka pale juu tuliona njia ya mawe ikishuka bondeni, na kando yake sanamu za farasi wenye mabawa, za maofisa walioshika panga, na jozi ya mbuni waliochongwa kwa namna ya kushangaza. Mkuu alitaka kuwatazama mbuni. "Huyu ni wa kwetu," alisema kwa furaha. "Nani amempeleka huku?" Bi Wen alieleza kwamba ndege wa namna ile waliletwa zamani kama zawadi kwa makaizari. Mkuu aliitikia kwa kichwa. "Sisi daima tunapeleka zawadi," akasema.

Kulikuwa pia na nguzo kubwa ya jiwe ya yule malkia aliyetawala. Bi Wen alisema ilipochongwa haikuandikwa neno hata moja, na kila mtu ana maelezo yake kwa nini. Mkuu aliitazama muda mrefu. Mimi sikuweza kuitazama. Nilikuwa na swali la maneno machache tu mdomoni, nami nilihisi jiwe lile linajua kwamba sitalisema.

Tukawafikia wajumbe. Walikuwa wamesimama kama Bi Wen alivyosema, safu kwa safu, mikono wameikunja mbele ya vifua kwa heshima, na juu ya mabega hapakuwa na kitu ila anga. Migongoni mwao yalichongwa majina yao na nchi zao, na mengi yalikuwa yamefutika kwa mvua.

Tulikisimamisha kiti. "Hawa ni nani?" Mkuu akauliza.

"Wajumbe, Mkuu. Walikuja kutoka nchi nyingi kumheshimu kaizari."

"Vichwa vyao viko wapi?"

"Havijulikani, Mkuu. Wengine wanasema tetemeko la ardhi, wengine wanasema watu walivivunja. Haijulikani kwa hakika."

"Inajulikana," Mkuu akasema. "Siku zote inajulikana."

Lihundi na Pazi walikuwa wamekwenda mbele, wakipima umbali. Nilimwinua Mkuu kama tulivyofanya mazoezi bustanini, mkono mmoja kwapani na mwingine kiunoni. Alisimama. Akaniacha, akapiga hatua mbili peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa majuma, akaweka kiganja kwenye bega la sanamu iliyokuwa karibu.

"Sefu," akasema.

Mikono yangu ilibaki hewani, pale alipoiachia.

"Sefu Chambuso. Umesimama tu mpaka leo?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayezungumza na mwenzake aliyemsumbua siku nzima. "Nilikwambia kaa. Kiti kilikuwepo. Kaa, tuzungumze, chukua chai. Ukasimama. Mbele ya watu. Hatua chache tu, Sefu, alama inasogea hatua chache, nani angejua? Ungezeeka. Ungelea mtoto wako. Una mtoto, sivyo? Wa kike. Walisema alikuwa amesimama mlangoni." Alilipapasa bega la jiwe kana kwamba analifuta vumbi. "Na pale nilipowaambia wakuweke nilisema waweke na kitu cha kutambulikana, nilisema..."

"Wapi?" Sijui kama nililitamka. Naamini midomo yangu ilicheza.

"Hapo hapo!" Ilikuwa sauti ya Lihundi kutoka mbele. "Asisogee! Yallah, mtazame alivyosimama! Bi Hidaya, mshike! Mwanga huu hautarudi, mshike!"

Mkuu aligeuza uso kuelekea ile sauti. Na uso ule, wallahi, ulikuwa uso wa picha tulizochora utotoni. Macho yalikuwa makali, kidevu kimeinuka, hasira na huzuni vimekaa vizuri chini ya paji. Hapakuwahi kuwa na picha kama ile na haingekuja tena. Nilikuwa nimesimama kati ya mambo mawili, kila moja likiwa umbali wa mkono. Na mkono ulikwenda wenyewe. Ulikwenda mahali ulipokuwa umefundishwa kwenda. Nilichutama nyuma ya koti lake, nikausukuma mgongo wake uwe wima, nikamshika ubavu ili asiyumbe, na nikajiambia, nitamwuliza baada ya picha.

Baada ya picha. Baada ya sherehe. Baada ya uchaguzi, baada ya mvua, baada ya Mkuu kupumzika. Sikuwa nimebuni chochote pale mlimani. Nililisema tu lile ambalo nchi nzima imekuwa ikilisema, kila mmoja amechutama mahali pake nyuma ya koti, akisukuma.

Kamera ililia mara nyingi. Kisha nikahisi unyevu wa moto ukishuka juu ya kiatu changu.

Mkuu alijitazama chini. Suruali yake nyepesi ilikuwa imelowa mpaka kwenye ndara. Aliinua macho, na uso wa picha ulikuwa umeondoka. Mahali pake palikuwa na uso wa mtoto aliyekutwa na kosa, mdomo unamcheza, macho yanatafuta ni nani ameona. Alijaribu kujifunika kwa mikono yake miwili. Watalii walikuwa wamesimama njiani wakitutazama. Nilivua mtandio wangu, nikamfunga kiunoni, nikamwambia, "Si kitu, Mkuu, ni maji tu," na wakati huo huo nilijichukia kwa upole wa sauti yangu, kwa kuwa ulikuwa upole wa kweli. Nilimwonea huruma. Nilikuja kutafuta kaburi la baba yangu, nikajikuta nimepiga magoti kumfuta miguu mtu aliyelificha, na mikono yangu haikutetemeka.

Alinitazama akiwa amekaa kitini. "Wewe ni binti wa nani?"

Lihundi alikuwa amefika, akihema kwa furaha, akimpongeza Pazi. Alisimama karibu kabisa.

"Wa Mlenge, Mkuu," nikasema.

Tuliporudi garini, Lihundi alikaa mbele na dereva wakizungumzia picha. Pazi alikuwa amelala. Bi Wen alikuwa amegeukia dirisha, na nilijua ameyaona yote na kwamba, kwa heshima yake, alikuwa amejipa kazi ya kutazama mashamba. Nikainama sikioni kwa Mkuu, hatimaye, kama nilivyokuwa nimepanga.

"Mkuu," nikanong'ona. "Sefu Chambuso mlimweka wapi?"

Alinigeukia kwa adabu kubwa. Macho yake yalikuwa safi. "Sefu? Yule kijana mpimaji?"

"Ndiyo."

"Tumemweka Idara ya Ramani. Ameajiriwa juzi. Kijana hodari, ana mwandiko mzuri." Akaunyanyua uso wake kwa wasiwasi wa kweli. "Kwa nini, mama? Ana shida yoyote?"

Alikuwa amehama. Mwaka ule ulikuwa umefungwa nyuma yetu kama mlango wa gari, nasi tulikuwa tunasafiri ndani ya mwaka mwingine, ambamo baba yangu alikuwa kijana, mzima, anachora mistari mahali fulani kwenye meza yenye mwanga. Sikuwa nimezaliwa. Hapakuwa na aliyemkosea mwenzake.

"Hana shida, Mkuu," nikasema.

"Vizuri. Mpe salamu zangu."

Niliendelea kukaa katika nyumba ile, nikingoja mwaka wa shamba urudi. Haukurudi. Mkuu alizidi kurudi nyuma mpaka akafika miaka ambayo sisi sote hatukuwa na majina humo, kisha akafa, na kwetu wamemjengea kaburi juu ya kilima, lenye ngazi na walinzi. Shule hupeleka watoto huko na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Lakini hayo ni ya mbele. Nataka kusimulia asubuhi iliyofuata safari, kwa sababu mimi bado niko humo, kama Mkuu alivyokuwa katika miaka yake.

Asubuhi hiyo picha ilikuwa imetoka katika magazeti yote ya kwetu. Lihundi aliniletea ukurasa wa mbele kwenye simu yake. Mkuu alikuwa mrefu kuliko mataifa yote, mlima ukiwa nyuma yake. Kuanzia kiunoni kushuka chini walikuwa wamemkata. "Uvumi umekwisha," Lihundi akasema. "Watu wamejaa barabarani wanaimba. Hii ni kazi yako, binti." Akanigusa begani na kuondoka.

Muda mfupi baadaye mama akapiga. Nilikwenda bustanini kupokea.

"Nimeliona gazeti," akasema, baada ya salamu.

"Ndiyo, mama."

"Hapo ubavuni mwa Mkuu, kwenye koti, kuna vidole vinne. Watu wanasema ni mkunjo wa nguo." Akashusha sauti. "Ni vyako. Kile kidogo kinajitenga na wenzake, kama cha baba yako."

"Ni vyangu."

"Kumbe ulikuwa karibu naye namna hiyo."

"Nilikuwa karibu."

Nilimsikia akivuta kigoda na kukaa. Kulikuwa na sauti za watu wakiimba mbali, huko mtaani kwetu, na mtu mmoja alikuwa akipiga debe. "Basi bila shaka ulimwuliza," akasema.

Nilitafuta jibu. Ningeweza kumwambia mahali popote: mtoni, chini ya daraja, nyuma ya kambi. Angekwenda. Angebeba maji na ubani, angekaa hapo chini, angelia kilio alichokiweka miaka yote hiyo, na angerudi nyumbani mwepesi. Ningekuwa nimempa mahali. Nililiona jambo hilo lote kwa uwazi, jinsi lilivyo rahisi, na jinsi ninavyolimudu vizuri, maana ilikuwa ni kazi ile ile ya vijiti vya meno.

"Hapana, mama," nikasema. "Alimtaja baba. Kwa jina lake kamili. Nilikuwa nimesimama pale pale. Walitaka picha, nikamshika. Nilipomwuliza alikuwa amekwisha kusahau."

Nilingoja anilaani. Nilikuwa tayari, hata nilikuwa na hamu ya laana hiyo, ili iwe na sauti nje yangu na isiwe ndani tu. Nyimbo zilipita karibu na nyumba yetu, zikaenda zikififia.

"Hidaya," mama akasema mwishowe. "Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza, mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka, na haikuwa na lawama yoyote ndani yake. "Kula."

Hakukata simu, na mimi sikukata. Nilikaa kwenye nyasi za ugenini, simu sikioni, tukisikilizana tunavyopumua.